Siku 12 India: usianze na Taj Mahal, anza na majira

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Leo sitoki nje. Nimetandaza ramani ya India hapa mezani, ngoja niinamishe kamera muione vizuri. Hizi duara nyekundu ni za binamu yangu. Anakuja kunitembelea huku India, na amenitumia orodha ya anakotaka kufika: Taj Mahal, Kerala, Goa, Varanasi, Jaisalmer jangwani, halafu Ladakh kule milimani. Siku 12. Mwezi wa Julai.

Nampenda sana binamu yangu, ndiyo maana nilimpigia usiku uleule.

Tazameni hapa. India ni karibu mara tatu na nusu ya Tanzania. Kuna treni inayotoka Dibrugarh, huku juu kaskazini mashariki, mpaka Kanyakumari, ncha ya chini kabisa. Ni zaidi ya kilomita 4,000, na abiria wanalala humo usiku baada ya usiku. Sasa ukichukua orodha ile na kuunganisha duara moja na nyingine, likizo nzima inaishia vituoni na viwanja vya ndege. Utarudi nyumbani na picha, lakini mahali hutakuwa umepaona.

Kwa hiyo nilimwambia: kwanza majira, halafu pande moja la nchi, vivutio vije mwisho. Watu wengi wanapanga kinyume.

Mvua za masika ya huku zinagonga Kerala mwanzoni mwa Juni, zinapanda kaskazini, na kufika Julai karibu nchi nzima imelowa. Bahari ya Goa inachafuka, huogelei. Lakini Julai hiyohiyo ndiyo saa nzuri ya Ladakh, kwa sababu milima inaikinga mvua na barabara zake za juu zimefunguka baada ya theluji kuyeyuka. Ukitaka Rajasthan, kimbia Mei na Juni, joto linapita nyuzi 40 bila shida. Desemba na Januari Delhi ina ukungu mzito, treni zinachelewa saa nyingi. Na pwani ya Tamil Nadu inapata mvua zake kubwa Oktoba hadi Desemba, wakati wengine wanaanika nguo. Nchi moja, lakini hakuna mwezi mmoja unaoifaa yote.

Na ukiwa na Ladakh moyoni, Leh iko mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kwenye ndege, siku mbili za kwanza ni za kupumzika na kunywa maji. Zihesabu kwenye mpango, mwili haujadiliani na ratiba.

Tulizungumza mpaka usiku wa manane, akakubali kusogeza safari hadi Novemba na kuchagua magharibi tu. Nimefurahi mno, kwa sababu upande huu una jambo ambalo natamani kila Mwafrika Mashariki alione.

Atatua Mumbai, maana kuna ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam. Kusini mwa Mumbai, kwenye maji, kuna ngome ya Janjira. Unafika kwa mashua ya tanga, kuta zinapanda moja kwa moja kutoka baharini. Waliotawala pale walikuwa Masidi, watu wenye asili ya Afrika, na Wamaratha, dola jirani ya Kihindu, walijaribu mara nyingi kuiteka wasiweze. Halafu Aurangabad, ambayo sasa jina lake rasmi ni Chhatrapati Sambhajinagar. Aliyeuanzisha mji ule mwaka 1610 ni Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaja kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika dola ya Ahmadnagar. Kaburi lake liko Khuldabad, karibu kabisa na mapango ya Ellora. Watalii wengi wanalipita bila kusimama. Sisi tutasimama.

Ellora yenyewe kuna hekalu la Kailasa, la karne ya 8. Halikujengwa, lilichongwa: waliingia kwenye mwamba kutokea juu, wakashuka nao mpaka sakafuni. Ajanta, mapango mengine, iko kilomita 100 hivi kutoka mjini. Hapa shikeni kalamu: Ajanta inafungwa Jumatatu, Ellora inafungwa Jumanne. Taj Mahal ni Ijumaa. Hiyo ya Ijumaa naijua kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilisafiri usiku kucha hadi Agra, nikafika asubuhi getini, ni Ijumaa, na jioni tiketi yangu ya kurudi ilikuwa inanisubiri. Niliumia sana.

Mwisho ni Ahmedabad, msikiti wa Sidi Saiyyed, naye Mhabeshi, uliojengwa mwaka 1572 na 1573. Una dirisha la jiwe lililotobolewa kwa umbo la mti, matawi yamesukana kama ukili wa mkeka. Nendeni alasiri, jua likiwa upande ule. Mara ya kwanza nilikaa chini mbele yake saa nzima, simu mfukoni.

Treni zenyewe, msiziogope. Daraja la 3AC lina kiyoyozi, shuka na blanketi, vitanda vitatu vitatu kwenda juu. Mzee au mwenye magoti mabovu mwombee kitanda cha chini. Asubuhi mtaamshwa na sauti ya muuzaji akipita, "chai, chai garam", na hilo neno la kwanza halihitaji mkalimani. Ila tiketi uliyonunua mtandaoni, ikibaki kwenye orodha ya kusubiri bila kuthibitishwa, inajifuta yenyewe, kwa hiyo usiitegemee. Na tazameni Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, inaangukia lini, Oktoba au Novemba, kwa sababu wiki ile kila mtu anakwenda kwao.

Mnaotoka Kenya au Uganda, cheti cha homa ya manjano ni lazima, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Tiketi za treni zinafunguliwa siku 60 kabla, saa mbili asubuhi. Za binamu zinafunguliwa kesho. Saa mbili kasorobo nitakuwa hapa hapa mezani, jina lake na namba ya pasipoti nimeshaviandika pembeni ya ramani.