Mjomba Yuko Marekani: Anastaafu Lini?

Haya, hamjambo huko nyumbani. Leo sizunguki na kamera, leo tunakaa chini tuongee hela. Kila nikisema kazi zimenichosha, mnaniambia, "Si ustaafu urudi?" Mnasema kirahisi hivyo kwa sababu kwetu tarehe inajulikana. Mtumishi wa umma Tanzania anajua 55 ni hiari, 60 ni lazima. Barua inakuja, unakabidhi ofisi, unaanza kugombana na kikokotoo, ile hesabu ya kupanga pensheni yako.

Huku Marekani hiyo barua haiji. Tangu sheria irekebishwe mwaka 1986, waajiri wengi hawaruhusiwi kumwondoa mtu kazini kwa sababu ya umri peke yake. Kwa hiyo utamkuta mtu ana miaka 75 bado anapiga shifti. Wapo wanaopenda kazi zao, na wapo ambao wakiacha leo mwezi ujao hawalipi kodi ya nyumba. Umri unaupanga mwenyewe, na nawaambieni, kupanga mwenyewe ni kugumu kuliko kupangiwa.

Sasa nisikilizeni. Umri wa kuacha kazi na umri wa kuanza kuchukua mafao ni vitu viwili tofauti. Karibu kila Mswahili ninayeongea naye huku amevifunga pamoja: siku ya mwisho kazini, kesho yake anajaza fomu za mafao. Si lazima iwe hivyo, na mara nyingi haifai iwe hivyo.

Mafao ya serikali huku yanaitwa Social Security. Mlango unafunguliwa ukiwa na miaka 62. Kwa aliyezaliwa 1960 au baadaye, umri wa kupata mafao kamili ni 67. Ukichukua 62, yanakatwa asilimia 30. Ukivuka 67 bila kuchukua, kila mwaka unaosubiri unaongezewa asilimia 8 mpaka ufike 70. Baada ya 70 kusubiri hakukuongezei hata senti.

Tuweke namba. Tuseme mtu anastahili dola 2,000 kwa mwezi akiwa na 67. Akianza na 62 anapata 1,400. Akivumilia mpaka 70 anapata 2,480. Mtu yule yule, michango ile ile. Na hapa wengi wanajidanganya: wanadhani ukianza na 1,400, ukifika 67 wanakupandisha hadi 2,000. Hapana! Hiyo 1,400 ndiyo yako mpaka kaburini. Inapanda tu kidogo kila mwaka kufuata mfumuko wa bei, na ile 2,480 nayo inapanda kwa asilimia hiyo hiyo, kwa hiyo pengo halizibiki.

Najua kuna mjanja ameshaanza kupiga hesabu. "Dada, lakini wa 62 anatangulia kula miaka mitano!" Kweli, mpaka 67 ameshakusanya dola 84,000. Aliyesubiri anamzidi dola 600 kila mwezi, kwa hiyo anamfikia baada ya miezi 140, yaani wakiwa na miaka 78 na miezi kadhaa. Wa 70 naye anamfikia wa 62 baada kidogo ya 80. Ukifa kabla ya hapo, aliyewahi ndiye aliyefaidi.

Mimi hesabu hiyo siipendi, maana inakufanya ucheze kamari na siku yako ya kufa. Ukifa mapema huna shida ya hela tena. Shida ni kufika 90 ukiwa na akili timamu, magoti mabovu na akaunti tupu. Mtu wa kwanza kulipwa mafao haya ya kila mwezi alikuwa mama mmoja wa Vermont, Ida May Fuller, Januari 1940. Hundi yake ilikuwa dola 22 na senti 54. Alikuwa amechangia chini ya dola 25 kwa jumla. Akaishi mpaka miaka 100, akachukua zaidi ya dola 22,000! Mafao haya yalitengenezwa kwa ajili ya watu kama huyo mama, wanaoishi kuliko walivyopanga.

Kwa hiyo kila mtu asubiri 70? Hapana, na hapa natofautiana na washauri wengi wa huku, ambao kazi yao ni ya kukaa kwenye kiti. Ndugu zetu wengi wanahudumia wazee, wanainua wagonjwa, wanaendesha malori, wanasimama maghalani usiku. Mgongo ukishakataa ukiwa na 63, usimwambie mtu huyo habari za asilimia 8. Mwenye ugonjwa mkubwa naye, achukue mapema, asione haya. Ila kama mko wawili na mmoja ana mafao makubwa zaidi, huyo ndiye wa kusubiri kama anaweza. Akitangulia kufa, anayebaki anaendelea na mafao yale makubwa na yale madogo yanakoma. Kwa maneno mengine, baba akichukua 62, huenda anampunguzia mama atakachokula miaka 20 baada ya mazishi.

Sasa tuje kwetu tuliohamia. Ili upate mafao haya unahitaji pointi 40, na kwa mwaka unapata zisizozidi 4. Yaani angalau miaka kumi ya kazi inayokatwa kodi. Kazi za kulipwa mkononi hazimo. Miaka kumi ya hela ya bahasha ni miaka kumi ya sifuri. Tena kiwango kinakokotolewa kwa miaka 35 uliyopata kipato kikubwa zaidi. Aliyefika huku na miaka 40 akafanya kazi mpaka 65 ana miaka 25 tu, kwa hiyo miaka 10 inaingizwa kama sifuri na wastani wake unashuka. Miaka uliyochangia nyumbani haikusaidii: Marekani ina mikataba ya kuunganisha michango na nchi takriban 30, lakini hakuna hata moja ya Afrika. Afadhali kikokotoo chao kinawabeba kidogo wenye kipato cha chini, wanapata sehemu kubwa zaidi ya mshahara wao kuliko matajiri. Ndiyo maana kwa mhamiaji, mwaka mmoja wa ziada kazini mara nyingi una faida mbili: unafuta sifuri moja, na unasogeza mbele siku ya kuanza kuchukua.

Turudi kwenye ule umri wa aina mbili. Tuseme unaacha kazi na 64 lakini unataka kuanza mafao na 67. Miaka mitatu katikati utakula nini? Hilo ndilo swali la kupanga, na jibu ni akiba yako mwenyewe. Huku wengi wana mfuko wa kazini unaoitwa 401(k): unakatwa kabla ya kodi, na waajiri wengi wanaongeza chao juu. Ukigusa kabla ya miaka 59 na nusu, kwa kawaida unalipa kodi pamoja na faini ya asilimia 10. Ukiacha kazi mwaka unaotimiza 55 au baadaye, mfuko wa mwajiri huyo huyo unaweza kuuchukua bila ile faini. Wengi hawaijui hiyo.

Na uchukue kiasi gani? Mwaka 1994 mshauri wa fedha, William Bengen, alipitia historia ya masoko ya hisa na dhamana ya Marekani akaona kwamba mtu akitoa asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha akawa anaongeza kufuata bei za vitu, hela ilidumu angalau miaka 30. Kwa akiba ya dola 200,000 hiyo ni dola 8,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, jamani, si kwa mwezi! Kuna mtu atasikia laki mbili za dola akadhani mjomba ametajirika. Halafu akiba hiyo kwa kawaida imewekezwa kwenye hisa, kwa hiyo soko likianguka miaka miwili ya mwanzo wa kustaafu, inauma kuliko likianguka mwishoni, kwa sababu unauza kwa hasara ili ule, na kilichouzwa hakipo tena siku soko likipanda.

Bima ya afya nimeiacha makusudi mpaka sasa, kwa sababu ndiyo inayovuruga mipango ya watu. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inaanza na 65. Ukistaafu 62 bila bima ya mwenza, miaka mitatu unajinunulia mwenyewe, na kwa umri huo si mchezo. Na ukirudi nyumbani, Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Ukiiacha sehemu ya B, ile ya madaktari unayoilipia kila mwezi, ili usilipie usichotumia, kisha ukataka kuirudia, malipo yako yanaongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyokaa bila hiyo sehemu.

Mafao yenyewe raia wa Marekani anaweza kuyapokea karibu nchi yoyote. Asiye raia anaweza kusimamishiwa baada ya miezi sita nje, kutegemea uraia wake, na hata akilipwa kwa kawaida anakatwa kodi ya asilimia 30 kwenye asilimia 85 ya mafao. Kwa hiyo mjomba anayesema "green card inanitosha" na huku anapanga kuzeekea kijijini, huyo mumuulize vizuri.

Na mkimpigia, msianze na ya ada ya shule. Muulizeni kama ameshafungua akaunti yake kwenye tovuti ya Social Security akaona orodha ya mapato yake, mwaka kwa mwaka. Akikuta mwaka alioufanyia kazi umeandikwa sifuri, atafute karatasi za kodi za mwaka huo mapema, maana muda wa kawaida wa kurekebisha ni miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka husika kuisha.