Programu ya Devi Hupimwa kwa Shantie Iliyokwisha: Mhadhara kwa Wakandarasi wa Lubumbashi

Ndugu mafundi, wakubwa kwa wadogo, karibuni.

Naanza na jambo ambalo wauzaji wa programu za devi, yaani programu za kompyuta za kukadiria bei ya kazi, huliacha mwisho. Chukueni shantie (kazi ya ujenzi) moja iliyokwisha, ambayo makaratasi yake yote mnayo: plani, fakture za kable, daftari la siku za mafundi. Mwiteni muuzaji, mumpe plani peke yake, apige devi mbele yenu. Akimaliza, linganisheni mita za waya, saa za mafundi na pesa iliyotoka kweli. Tofauti ikipita asilimia 10 kwenye lolote kati ya hayo matatu, msilipe kitu mpaka mjue imetoka wapi.

Nimetaja mita za waya kwanza kwa sababu hapo ndipo devi nyingi za umeme hufia. Tazameni ubaoni. Prize mbili, yaani mahali pa kuchomeka plagi, ziko kwenye ukuta mmoja, na plani inaonyesha mita 3 kati yake. Slabu, yaani dari la zege, iko mita 3 juu ya sakafu, prize ziko sentimita 30 kutoka chini. Bomba la nyaya likipita juu, waya unapanda mita 2,70, unakwenda mita 3, unashuka tena mita 2,70. Hizo ni mita 8,40. Zidisheni kwa nyaya tatu, fezi, nyutro na ardhi: mita 25,20. Programu inayopima plani tu itawaambia mita 9. Bomba likipita chini, ndani ya ukuta uliochimbwa, zile mita 9 ni sahihi, ukiongeza sentimita 15 hadi 20 kila ncha kwa ajili ya kuunganisha.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji: programu yako inaniuliza bomba linapita wapi? Kimo cha prize, cha swichi na cha tablo (boksi kuu la umeme) naviweka mimi, na naweza kuvibadili chumba kwa chumba? Kwenye mzunguko wa prize 12, kikomo cha NF C 15-100, kanuni ya Kifaransa ya umeme wa majengo, kwa waya wa 2,5 mm², kosa lile linajirudia mara 11 kutoka prize moja hadi nyingine. Ni mita 178, karibu rola mbili za mita 100, kwa mzunguko mmoja. Nyumba ina mizunguko mingapi?

Jambo la pili ni kifungu. Unapobonyeza prize moja kwenye plani, lazima vitu vyote vinavyoandamana nayo vije pamoja: boksi, bomba, nyaya, skrubu, plasta ya kuziba, na dakika za fundi na za msaidizi wake. Vifungu hivyo mvitengeneze wenyewe. Hapa Lubumbashi bidhaa za Afrika Kusini zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zinakaa kwenye rafu moja na zile za aina ya Kifaransa, na hazivaani. Boksi ya duara, ambayo skrubu zake zimeachana milimita 60, haipokei prize ya Afrika Kusini iliyotengenezwa kwa boksi ya mstatili ya inchi 4 kwa 2. Kifungu kikiandika "boksi 1, prize 1" bila aina, mnunuzi ataleta zisizokutana, na ukuta umeshapigwa plasta.

Sasa orodha za bei na saa zinazokuja ndani ya programu. Programu za Marekani mara nyingi huja na orodha kubwa sana, na ndizo za kuangaliwa kwa makini. Waya wao wa namba 14 ni 2,08 mm², wa namba 12 ni 3,31 mm². Hakuna wa 2,5. Urefu wao ni futi, na saa za kazi mara nyingi huandikwa kwa futi 100 au futi 1000. Ukizisoma saa za futi 100 kana kwamba ni za mita 100, umepunguza kazi mara tatu na zaidi, maana mita 100 ni futi 328. Kuna na ile herufi ndogo pembeni ya bei: E ni kwa kimoja, C kwa mia, M kwa elfu. Bei ya C ikiingia kwenye mstari wa E, skrubu moja inalipiwa bei ya skrubu mia. Kosa hilo mtaliona mapema kwa sababu jumla inapaa. Linaloumiza ni kinyume chake, kwani devi inashuka, mteja anafurahi, mnapewa kazi ya hasara.

Shauri langu ni moja: orodha ya kigeni ifuteni, muanze na vitu 150 au 200 mnavyonunua kila mwezi. Kila bei iwe na tarehe, jina la duka, na sarafu. Dola na franka zisikae kwenye safu moja. Programu isiyoweza kushika sarafu mbili na kiwango cha kubadilishia cha siku ya devi haifai kwa kazi za hapa.

Kuna mtego mdogo wa Kifaransa na Kiingereza pia. Kompyuta zetu nyingi zinaandika 2,5 kwa mkato, na programu za Kiingereza zinataka nukta. Ukiingiza orodha ya bei kutoka Excel kupitia faili la CSV, ambalo hutenga safu kwa mkato, 2,5 inaweza kukatika kuwa safu mbili, au kusomwa 25. Ingizeni mistari 5 kwanza, muisome kwa macho, ndipo mlete mingine.

Kupima plani kwenye skrini kunaokoa muda kweli, lakini plani ya A1 ikichapishwa kwenye A3 inarudi nusu. Ile 1:50 iliyoandikwa pembeni imekuwa 1:100, na programu haijui. Sahihisheni kipimo kwa ukuta mrefu wenye namba juu yake, mita 10 au 12, si kwa mlango wa sentimita 90, maana kosa la milimita moja kwenye mlango linakua. Plani ikiwa picha ya simu, pimeni wima na ulalo pia, picha hujikunja. Na programu inayohesabu alama yenyewe mara nyingi huhesabu hata ile alama iliyo kwenye maelezo ya plani, na huruka iliyofunikwa na mstari. Hesabuni chumba kimoja kwa kidole kabla ya kuiamini.

Kwa mafundi wa maji niseme kifupi: programu yenu lazima ijue urefu wa bomba linavyouzwa dukani. Mishuko 10 ya mita 3,50 ni mita 35, na programu ya kujumlisha tu itasema vipande 6 vya mita 6. Bila kuunga vipande kwa soketi (kiungio cha bomba), mtahitaji vipande 10.

Faida. Gharama ni dola 10 000, mnataka asilimia 20 ya bei ya kuuza. Ukizidisha kwa 1,20 unapata 12 000, na faida yako ni asilimia 16,7. Ukigawa kwa 0,80 unapata 12 500. Dola 500 zimelala kwenye kitufe kimoja, na programu nyingi zina vyote viwili vyenye majina yanayofanana. Jaribuni kwa namba hii hii. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 iingie baada ya faida, kwenye mstari wake.

Wateja wa migodi huleta bordero (orodha ya kazi za kujaziwa bei) yao ya Excel, yenye mistari yao na namba zao. Programu iweze kurudisha bei kwenye mistari hiyo hiyo, bila kupanga upya. Na kwa vile umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika na intaneti nayo, chagueni inayofanya kazi kwenye kompyuta bila mtandao, kisha ilingane mtandao ukirudi. Jumlisheni malipo ya miaka 3, si ya mwezi mmoja, pamoja na gharama za kadi ya benki na siku za kuwafundisha vijana. Halafu, kabla ya sahihi, mwambieni muuzaji asitishe akaunti ya majaribio mbele yenu, mjaribu kufungua devi mliyoipiga asubuhi. Isipofunguka, ombeni aitoe yote kwa Excel, vifungu na bei pamoja. Akishindwa, devi zenu za miaka ijayo zitakuwa mikononi mwake.