Wati nne za lampi na spika ya koni moja

Jambo yenu, wababa na wamama, na ninyi vijana mliotoka chuoni mkapita hapa kabla ya kurudi Katuba na Kenya, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi. Nimeombwa nizungumze juu ya ampli za lampi, yaani vikuza sauti vyenye lampi za kioo badala ya transista, na juu ya spika ndogo za masafa yote, zile za koni moja inayobeba kila kitu, besi mpaka sauti nyembamba kabisa, bila krosova, kile kifaa cha kugawa sauti za chini na za juu, ndani ya sanduku. Nina jambo moja ninalotaka mtoke nalo. Mengine nitayapitia mbio mbio. Jambo lenyewe ni hili: ampli ya lampi na spika yake ni mashine moja. Ukizichagua kila moja kivyake, hata zikiwa zote za bei kali, unacheza bahati nasibu.

Wala hili si langu. Wazee mliokulia Kamalondo au kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi ya Wabelgiji, mnaikumbuka poste, yaani redio, ya lampi: sanduku la mbao, kitambaa mbele, na lile jicho la kijani linalojifunga kadiri stesheni inavyoshika. Poste nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 zilikuwa na lampi moja ya kutolea nguvu, mara nyingi EL84, transfoma ndogo, na spika ya koni ya karatasi. Wati tatu, nne. Familia nzima ilisikiliza habari, na watoto wa jirani dirishani nao walisikia. Aliyeichora poste ile alijua spika gani itakaa ndani, sanduku lina upana gani, lampi gani itaisukuma. Vyote alivipima pamoja.

Siku hizi kijana anaingia sokoni na swali moja: wati ngapi? Muuzaji anamwonyesha kibandiko cha wati 500 na biashara imekwisha. Ndugu zangu, wati zilizoandikwa kwenye spika zinakueleza itavumilia kiasi gani kabla ya kuungua. Hazikuelezi italia kwa nguvu gani. Kinachoeleza hilo ni unyeti wake: unaipa wati moja, unasimama mita moja mbele yake, unapima desibeli. Fostex FE103, spika ya Kijapani ya sentimita 10 ambayo watu wa mambo haya wanaijua sana, ina desibeli 89. Nyingine ndogo za leo ziko chini hapo, 85, hata 83.

Tufanye hesabu, na mafundi mnisimamishe nikipotoka. Kila unapozidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3. Kutoka wati 1 mpaka 4 ni mara mbili, halafu mara mbili tena, basi ni desibeli 6. Spika ya 89 inafika 95 ukiwa mita moja. Ukirudi nyuma ukaketi mita mbili na nusu, kwenye uwanja wazi ungepoteza 8. Ndani ya chumba kuta zinakurudishia kidogo, na spika ziko mbili. Tuseme masikioni unabaki na 90. Watu wawili wanaoongea kawaida wako kwenye 60 na kitu. Ukisikiliza muziki kwa wastani wa 75, bado una akiba ya 15 kwa pigo la ngoma au mwimbaji akipaza. Inatosha, tena inatosha vizuri. Sasa weka spika ya 83 kwenye ampli ile ile: ni kama umeigeuza ampli ya wati 4 kuwa ya wati 1. Mtu atalaumu lampi, kumbe kosa liko kwenye spika.

Kwa matanga, kwa harusi, kwa baa, hapana. Huko watu wa transista wametushinda na wapewe heshima yao. Mimi naongea juu ya sebule.

Hapa sasa nitakaa kidogo, maana ndipo kiini kilipo. Ampli nzuri ya transista ina ukinzani wa ndani karibu na sifuri. Spika iombe inavyotaka, volti hazitikisiki. Ampli ya lampi moja, hasa ya triode, lampi ya muundo rahisi kabisa, isiyo na mrejesho wa kurudisha sauti nyuma ijisahihishe, ina omu 2 au 3 ndani yake. Na spika nayo si omu 8 kila mahali. Hizo 8 ni jina tu. Pale koni inapopenda kutikisika yenyewe, tuseme kwenye hezi 80, yaani mitikisiko 80 kwa sekunde, ukinzani wake unaweza kupanda mpaka omu 40. Halafu unashuka mpaka 7, kisha huko juu unapanda tena polepole kwa sababu ya koili. Chukua ampli yenye omu 2.5 ndani. Kwenye omu 8 spika inapata asilimia 76 ya volti zilizopo. Kwenye omu 40 inapata asilimia 94. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 2. Maana yake ampli imeongeza besi karibu na hezi 80, na imeongeza kidogo kule juu, bila wewe kugusa kitufe chochote.

Kwenye karatasi ya vipimo hiyo ni dosari. Lakini jiulizeni, koni ya sentimita 10 ina njaa ya nini? Ya besi. Sanduku likiwa na upana wa sentimita 20 mbele, sauti za chini ya hezi 600 hivi zinaanza kuzunguka kwenda nyuma badala ya kukujia wewe. Ampli ile yenye dosari inarudisha sehemu ya kile ambacho sanduku jembamba limepoteza. Watu huniambia, "Papa, lampi ina sauti ya joto." Mimi huwauliza: ni joto au ni omu? Mara nyingi ni omu. Weka rezista ya omu 2.5 kati ya ampli ya transista na spika ile ile, utapata sehemu kubwa ya joto hilo kwa bei ya chupa ya maji. Najua nimewaudhi wengine hapo mstari wa mbele. Mtanisamehe.

Ila dawa hiyo ina upande wake mchungu. Omu za ampli zinalegeza breki ya koni. Kwa kawaida koili ikitikisika ndani ya sumaku inazalisha umeme wake, na umeme huo, ukikuta njia nyepesi ndani ya ampli, unaizuia koni isiendelee kucheza baada ya noti kwisha. Njia ikiwa nzito, breki inapungua. Spika ambayo karatasi yake inasema Qts, kipimo cha breki hiyo (kikipanda, breki imelegea), ni 0.35, kwenye ampli yetu ya omu 2.5 itafanya kazi kama ya 0.47 hivi. Sasa seremala amekata tripleksi kwa vipimo vya 0.35, ametoboa tundu, ameweka bomba la besi. Unapoiwasha, gitaa la besi linavuma noti moja kila mahali, bum, bum, na mwenye nyumba anasema lampi ni kitu cha kizamani. Mwambieni seremala ni ampli gani itakayokuja, kabla hajashika msumeno. Na kama sanduku limeshajengwa? Chukua soksi safi, izungushe, izibe mdomo wa bomba nusu nusu. Sicheki. Besi itapungua kidogo na mvumo utatulia. Ukiziba kabisa, unakuwa na sanduku lililofungwa, na kwa spika nyingi ndogo kwenye ampli ya triode, mimi binafsi ndilo ninalolipenda.

Tuje kwenye transfoma, na hapo tunarudi nyumbani Katanga. Lampi ya EL84 inapenda kuona omu 5,000 mbele yake, na spika inatoa 8. Gawanya, unapata 625. Kipeuo chake cha pili ni 25. Basi kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika unadai mizunguko 25 upande wa lampi. Ni waya wa shaba, na sisi shaba tunaijua. Mafundi wanaosokota upya mota za pampu hapa mjini wana mikono ya kuifanya kazi hii. Kitu kimoja tu huwashinda wengi mara ya kwanza. Hebu angalieni hii hapa mkononi mwangu. Transfoma ya kawaida ya umeme, vipande vya chuma vya E na I vimepishanishwa, kimoja hivi, kingine vile. Hii, E zote zimepangwa upande mmoja, I zote upande wa pili, na katikati, mnauona huo mstari wa rangi ya kahawia? Ni karatasi. Lampi moja inapitisha mkondo wa milliampea 48 ndani ya waya huu bila kupumzika, upande mmoja tu, na mkondo huo unakishibisha chuma sumaku. Mwanya wa karatasi ndio unaokizuia kisishibe. Fundi akiupishanisha mchezo huu kwa mazoea ya kila siku, besi inakufa, na hakuna spika duniani itakayoifufua. Ampli ya lampi mbili, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, haihitaji mwanya mkubwa hivyo, kwa sababu mikondo miwili inafutana ndani ya chuma.

Na sumaku? Spika nyingi za zamani zilikuwa na sumaku ya alniko: alumini, nikeli, kobalti. Alniko ya namba 5, iliyotumika sana, ina kobalti kama asilimia 24. Vita vya Kolwezi mwaka 1978 vilipandisha bei ya kobalti kwa kishindo, na katika miaka michache iliyofuata watengenezaji wa spika kule Marekani na Ulaya walihamia sumaku za feriti kwa wingi. Kolwezi ni mwendo wa gari kutoka hapa, na umbo la spika za dunia nzima lilibadilika kwa sababu yake. Leo wapo wanaouza spika ya alniko kwa bei ya mbuzi watatu, wakisema ina roho. Mimi siioni hiyo roho. Karatasi ya koni, na jinsi ukingo wake ulivyoshonwa, huamua mengi zaidi.

Muziki gani unaifaa jozi hii? Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja, sauti moja, dole gumba na kidole cha shahada. Waya mnene wa gitaa ni hezi 82. Sauti ya mtu yote iko juu ya hapo, au karibu sana. Hakuna kitu katika muziki wa namna hiyo ambacho koni nzuri ya sentimita 10 haiwezi kukigusa, na kwa kuwa hakuna krosova inayokata sauti vipande viwili, kucha kwenye waya na mlio wa mbao vinatoka mahali pamoja. Rumba ya bendi kubwa? Gitaa la besi linashuka mpaka hezi 41. Hizo 41 zenyewe hutazisikia, lakini sikio likipata 82 na 123 linajijazia lililobaki. Sebene itakwenda. Kwaya ya watu sitini na okestra, hapo koni moja inachoka na sauti zinakorogana. Nisiwadanganye.

Nyumba zetu: matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mabati juu. Sogeza spika karibu na ukuta wa nyuma, ukuta utaongeza besi. Koni ya masafa yote hurusha sauti nyembamba mbele kama tochi, kwa hiyo usizielekeze moja kwa moja masikioni. Zigeuze kidogo pembeni mpaka herufi s za mwimbaji ziache kuchoma. Masika, mvua ikigonga mabati, zima, unywe chai.

Umeme. Kisa cha lampi ni filamenti, uzi unaoipasha moto: inataka volti 6.3, pungufu au zaidi kwa asilimia 10. Transfoma ya volti 220 ikipewa 180, filamenti inapata 5.15. Ikipewa 250, inapata 7.2. Vyote viwili vinaila lampi. Stabilaiza kwanza, kabla hujafikiria lampi ya kifahari. Wenye betri na paneli, jueni kwamba ampli ya EL84 ya pande mbili inakula wati 50 hadi 60 kutoka ukutani ili itoe wati 4 au 5 kila upande, na inakula hivyo hivyo hata muziki ukinyamaza. Na inveta ya bei rahisi isiyo na wimbi laini itakuletea mlio wa nyuki kwenye spika.

Mama pale kati ameuliza kama simu inaweza kuungwa moja kwa moja. Ndiyo. Ampli yenye ECC83, lampi ndogo ya kukuzia sauti, mbele ya EL84 haihitaji volti nyingi, na simu inatosha. Waya mfupi, sauti ya simu ipandishwe karibu mwisho, kisha upunguzie kwenye ampli.

Ndugu pale nyuma anataka kujua aanze na nini. Anza na spika. Tafuta unyeti wa 89 au zaidi, omu 8, halafu mpelekee fundi wa ampli karatasi yake. Poste mbovu za zamani na televisheni zilizokufa zina spika nzuri za karatasi; bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ikikwaruza iache.

Ampli iko wazi mezani, mtakuja kuitazama wawili wawili. Nimeizima, lakini kapasita zake zinaweza kubaki na volti 300 muda mrefu baada ya plagi kutoka, kwa hiyo nitazitoa kwanza kwa rezista hii, mkiona kwa macho, ndipo mguse. Tukiiwasha tena, asiwepo wa kuchomoa waya wa spika muziki ukilia: transfoma isiyo na mzigo inapandisha volti na kuungua ndani kwa ndani, na hii aliyeisokota yumo humu ukumbini, atatudai sote.