Kutoka Maji Machafu ya Mgodi Hadi Rangi ya Kuchorea

Tuanze na picha moja ya mpiga picha wa Kanada, Edward Burtynsky, aliyoipiga kwenye mji wa migodi wa Sudbury, Kanada, mwaka 1996. Mto mwekundu kama moto unakatiza ardhi nyeusi. Inapendeza, na ndiyo maana wapo wanaomlaumu kwamba ameuremba uchafu. Kwangu lawama hiyo haina uzito sana; kasoro ninayoiona ni kwamba picha haikuambii wekundu ule ni nini. Ni chuma. Mawe yenye chuma na salfa yakifukuliwa, hewa na maji huyageuza kuwa asidi, chuma kikayeyuka, kisha kikaganda mtoni kama kutu.

Ohio, Marekani, mchoraji John Sabraw na mhandisi Guy Riefler walikiendea chuma hicho chenyewe, kinachovuja kutoka migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa, wakakifanya rangi.

Kwanza maji ya mgodi hupunguzwa asidi mpaka pH (kipimo cha asidi) ya 7 au 8. Chokaa ni rahisi, lakini ikikutana na salfeti, yaani salfa iliyoyeyuka majini, hutoa jasi nyeupe, na rangi hupauka; soda kali haina tatizo hilo. Wakati huohuo hewa ipulizwe kwa nguvu. Ikiwa haba, tope la chuma linaloganda huwa la kijani au jeusi. Likitoka la manjano-kahawia, liache litulie, mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia. Hapa ndipo wengi huchoka mapema. Chumvi iliyobaki haionekani leo, ila baadaye huchomoza juu ya turubai kama ukungu mweupe.

Kausha, saga, chekecha. Vaa barakoa, vumbi hili ni laini mno. Ukitaka nyekundu, choma unga wa manjano kwenye nyuzi 300 hivi za Selsiasi: maji yaliyofungwa ndani yake hutoka. Ukizidisha moto sana, unaelekea zambarau. Kisha sugua na mafuta ya kitani juu ya kioo, ukiyatia kidogo kidogo, kwa sababu ile ya manjano hunywa mafuta mengi kuliko unavyodhani.

Na kabla ya kumpa mtu yeyote rangi hiyo, peleka sampuli maabara ipimwe madini yenye sumu, kama risasi na aseniki. Kila mgodi una maji yake. Matokeo ya mgodi mmoja hayausemei mwingine.