Bwawa Likijaa: Mazungumzo na Wakazi wa Rufiji ya Chini

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, wenyeviti wa vijiji mliofika, habari za tangu asubuhi.

Mmeniita kwa jambo ambalo mmelibishania tangu masika ya mwaka 2024: bwawa la umeme la Julius Nyerere, huko juu mtoni, linatukinga na mafuriko, au ndilo linalotuletea? Mwaka ule mlisikia kauli mbili. Serikali na TANESCO, shirika la umeme, walisema Rufiji imefurika tangu enzi za mababu, na kama bwawa lisingekuwepo hali ingekuwa mbaya zaidi. Huku vijiweni watu wakasema maji yamefunguliwa, basi, hakuna la kueleza. Nianze na lile ambalo huenda likaziudhi pande zote mbili: kauli hizo zinaweza kuwa kweli zote kwa siku ileile. Milango ikifunguliwa, maji yanayotoka yanaweza kuwa mengi kiasi cha kuzamisha shamba lako, na bado yakawa machache kuliko yale yanayoingia bwawani kwa nyuma. Aliyepoteza nyumba hana haja na hesabu hiyo, najua. Lakini bila hesabu hiyo tutabishana mpaka masika mengine.

Tuanzie juu mtoni. Bonde la Rufiji lina eneo la kilomita za mraba kama 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua ikinyesha Mbeya, Iringa, Njombe, Ifakara au Mahenge, sehemu yake itapita hapa kwenu. Mito inayotulisha ni mitatu mikubwa: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Jina linalosikika sana ni Ruaha, kwa sababu huko ndiko kuna bwawa la Kidatu lililoanza mwaka 1975 na la Mtera la 1980. Ila Ruaha inaleta kama asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Mwenye mto ni Kilombero, ambaye peke yake analeta zaidi ya nusu. Kwa hiyo miaka yote ile tuliyokuwa tukiambiana "Mtera wamefungulia", tulikuwa tunamsingizia mtoto mdogo wa familia. (Kicheko.) Kilombero haikuwa na bwawa hata moja kubwa la kuizuia. Ilikuwa inajaa na kushuka ilivyo.

Na ilishuka mara nyingi. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, watu walipohamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Sababu iliyotolewa ilikuwa mafuriko. Mwaka 1974 yakaja mengine makubwa. Yakaja ya El Nino ya 1997 na 1998, kisha 2020. Mwaka 2024, nchi nzima, Waziri Mkuu alitaja bungeni mwezi Aprili vifo 155 na kaya zaidi ya 51,000 zilizoathirika na mvua zile. Anayesema mafuriko yaliletwa na bwawa amesahau kwa nini kijiji chake kiko pale kilipo.

Wazo la kuuzuia mto kule kwenye maporomoko, lilipo bwawa sasa, ni la zamani pia. Mwaka 1975 iliundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, na michoro ya miaka ile iliahidi mambo matatu kwa pamoja: umeme, umwagiliaji, na kudhibiti mafuriko. Ujenzi wenyewe ukaja baadaye sana, baada ya mkataba wa Desemba 2018. Ukuta una urefu wa mita 131 kwenda juu. Maji yalianza kuzuiwa tarehe 22 Desemba 2022. Likijaa, bwawa linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, yaani kama maji yote ambayo mto huu unaleta kwa mwaka mzima wa kawaida. Ukilisikia hilo, unasema tumepona. Mto mzima wa mwaka unaingia mle!

Hapo ndipo pa kukaa kidogo.

Kinachozuia mafuriko ni nafasi iliyo tupu ndani ya bwawa. Debe lililojaa halikingi mvua, hata likiwa la chuma. Desemba 2022 tulikuwa na nafasi yote. Masika ya 2023 yakaingia humo, na mvua za El Nino za mwisho wa mwaka huo zikaingia humo pia. Bwawa linajaa kwenye mita 184 juu ya usawa wa bahari, na lilifika karibu na kipimo hicho mwanzoni mwa 2024. Masika ya 2024 yakakuta nafasi imebaki kidogo. Mashine ya kwanza ya umeme ilikuwa imewashwa Februari ya mwaka huo, nyingine saba nane hazijawa tayari. Maji ya kupita kwenye mashine yalikuwa machache, na yaliyobaki yalikuwa na njia moja tu, utoro, yaani ile milango mnayoiona kwenye picha ikitoa povu.

Tufanye hesabu ya kijiweni. Tuchukulie uso wa maji bwawani ni kilomita za mraba 1,000, namba nzima ili isitusumbue. Mita moja ya kina ni mita za ujazo bilioni moja. Sasa chukulia siku ya masika makali, yanayoingia yanazidi yanayotoka kwa mita za ujazo 5,000 kila sekunde. Kwa siku moja hizo ni milioni 432. Maana yake mita moja ya nafasi inaliwa kwa siku mbili na robo. Ukiwa na mita kumi tupu, umepata zaidi ya wiki tatu za kupumua, na mafuriko makubwa ya mto huu mengi yatapita bila nyinyi kujua kama yalikuwepo. Ukiwa na mita moja, Jumatatu unatangaza hali ni shwari na Jumatano unafungua milango.

Naona mzee ameinua bakora. Tafadhali, mzee wangu.

— Mwanangu, umesema vizuri. Sasa kwa nini wasiliache nusu? Nusu maji, nusu nafasi yetu.

Ahsante, mzee. Hilo ndilo swali la mhadhara mzima, na ningefurahi kama lingeulizwa bungeni kwa maneno hayohayo. Jibu ni kwamba umeme unatokana na wingi wa maji na pia na urefu yanakoangukia. Kila mita unayoshusha, mashine inapoteza nguvu. Chini ya mita 163 hazizungushwi kabisa. Mitambo ile ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Anayeendesha mitambo hupenda bwawa lijae siku zote. Anayelinda bonde hupenda liwe tupu kila inapokaribia masika. Ni bwawa moja, ahadi mbili, na zinavutana.

Nchi nyingine huandika mvutano huo kwenye kanuni za uendeshaji: ifikapo mwezi fulani, maji yawe yameshuka hadi kipimo fulani, hata kama inauma. Linawezekana hapa. Lakini tusidanganyane kuhusu ugumu wake. Ukishusha maji Februari kwa kungoja masika, masika yasije, utalala gizani Oktoba na Dar es Salaam nzima itakuuliza. Ukiyaacha juu na masika yakaja kwa nguvu, kitakachozama ni kijiji cha Muhoro, huku chini mtoni. Makosa ya aina ya kwanza yanapigiwa kelele na watu milioni kadhaa wenye simu. Ya aina ya pili yanaonekana na watu wa kata chache. Mimi siamini kuna mtu aliyekaa akapanga kuwazamisha. Ninaamini mizani hiyo ikiachwa bila kuandikwa itaegemea upande uleule kila mwaka.

Kuna kijana aliniuliza pale nje kama ukuta unaweza kupasuka. Anafikiria Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yalipobomoka usiku mmoja na maelfu wakafa. Wengine mnaikumbuka Solai, kule Nakuru, mwaka 2018, watu 48. Yale yalikuwa mabwawa ya aina nyingine, ya kujaza udongo na mawe. Maji yakipanda juu ya tuta la udongo yanalila, na likianza kuliwa halisimami. Huu wetu ni wa zege lililoshindiliwa, unaokaa mahali pake kwa uzito wake. Unahitaji kukaguliwa na kupimwa kila mwaka, na yale matuta madogo ya pembeni yanayoziba mabonde ya jirani yakaguliwe zaidi, lakini usingizi wangu haupotei kwa ajili ya ukuta.

Matuta ya kando ya mto je? Nasikia kuna wanaotaka yajengwe kutoka huku Utete hadi Muhoro, mto ukae ndani ya ukingo wake. Jirani zetu wa Budalang'i, magharibi mwa Kenya, wana matuta hayo kwenye mto Nzoia tangu miongo mingi. Yamepasuka, ikiwemo mwaka 2003 na 2008. Mto ukibanwa, tope lililokuwa linasambaa mashambani linatua ndani ya mto wenyewe, sakafu ya mto inainuka, na baada ya miaka unakuta maji yanapita juu kuliko mashamba. Tuta likitoboka hapo, maji hayaji taratibu kama mlivyoyazoea nyinyi, yanakuja kwa kishindo. Halafu 2020 Ziwa Victoria nalo likapanda hadi kuvunja rekodi yake ya mwaka 1964, na maji ya Nzoia yakakosa pa kwenda. Kuzungushia tuta zahanati au kisima, sawa. Kulizungushia bonde la Rufiji, mimi singeweka fedha yangu.

Ninachokiogopa kiko kwingine, nacho hakina kelele. Bwawa hili litafuta mafuriko madogo. Miaka mitano, pengine kumi, maji hayatapanda. Mtu aliyekuwa analala kwenye dungu msimu wa kulinda mpunga na kurudi juu, ataanza kujenga tofali bondeni. Atazaa watoto huko ambao hawajawahi kuona mto ukitoka. Kisha utakuja mwaka bwawa limejaa na Kilombero imejaa. Hilo lilitokea Zambezi upande wa Msumbiji. Bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa mwishoni mwa 1974, watu wakasogea karibu na mto uliotulia, na mwaka 1978 milango ikafunguliwa kwa mafuriko makubwa, watu wengi wakakutwa mahali ambapo babu zao wasingejenga. Mafuriko ya mara kwa mara yalikuwa yanawafundisha watu mipaka ya mto. Mwalimu huyo sasa amestaafishwa.

Na kuna hasara nyingine ambayo mhandisi asiyejua Rufiji haioni. Hapa mafuriko yalikuwa mbolea. Kilimo cha mlau, mahindi yanayopandwa kwenye udongo unyevu maji yanaporudi, hakiwezekani bila maji kuja kwanza. Ziwa Ruwe, Zumbi, Utunge, yote yanapata samaki wapya mto unapoyafikia. Tope lile linalokaa nyuma ya ukuta lilikuwa la mashamba yenu na la mikoko ya delta. Mama mmoja wa Mkongo aliniambia, "Mafuriko tunayataka, ila yasije na jina la serikali." Sikumwelewa mara moja, alimaanisha yaje kwa wakati wake, wiki anazozijua, na si siku mtu ameamua. Bwawa linaweza hata kufanya hivyo: kuachia maji ya wastani mwezi wa tatu au wa nne kwa tarehe inayojulikana, yalowanishe bonde na kuyafikia maziwa. Inagharimu umeme kidogo. Inahitaji mtu wa kuidai mezani, kwa sababu samaki hawana mwakilishi.

Nimalizie na tahadhari, maana msimu unakaribia. Matangazo mliyokuwa mkipata yalisema "maji mengi", "wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari". Maneno hayo hayamsaidii mtu. Mengi kiasi gani? Mnachotakiwa kudai kwa TANESCO, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa, ni namba tatu kila siku ya masika: kipimo cha maji bwawani, yanayoingia, yanayotoka. Zisomwe redioni, zitumwe kwenye simu za wenyeviti, zibandikwe msikitini na kwenye ofisi ya kata. Kipimo kikiwa mita 180 juu ya usawa wa bahari, mna nafasi ya mita nne. Kikifika 183, msisubiri kuambiwa.

Toka bwawani mpaka Daraja la Mkapa ni zaidi ya kilomita 100, mto unajikunja, na bonde pana linapunguza mwendo wa maji. Mnao muda wa kuhamisha mbegu na mbuzi, ili mradi mjue mapema. Mvua inayonyesha chini ya bwawa haipo kwenye namba hizo, mkumbuke. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilishusha mvua yake huku pwani, hakikupita bwawani hata kidogo. Kwa hiyo mnahitaji kipimo chenu wenyewe. Nguzo za daraja zipo. Ombeni TANROADS, wakala wa barabara, ruhusa ya kuchora mita kwa rangi kwenye nguzo mbili, kijana mmoja asome asubuhi na jioni, aandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Masika mawili ya kuandika, mtakuwa mnajua kuwa wakisema wameachia kiasi fulani, darajani yanapanda hadi mstari gani, na kwa Muhoro yanafika siku ya ngapi.

Ahsanteni. Tuanze maswali na upande wa kina mama, maana upande wa huku bakora zimeshainuka sita.