Kundi moja, majedwali mawili: kuhesabu ushahidi katika uchambuzi-meta wa picha za ubongo

Ndugu wahadhiri wenzangu na wanafunzi wa uzamili, asanteni kwa kufika licha ya foleni ya Barabara ya Morogoro.

Mtu anayetaka kujua kama mchele wa Kyela wa msimu huu unanukia, akanunua kilo moja kwa kila mmoja wa wauzaji watatu wa Soko la Tandale, atadhani amepata majibu matatu. Kumbe wote watatu walichota katika gunia moja. Mtego huo umo pia katika uchambuzi-meta wa picha za ubongo, yaani kuunganisha matokeo ya tafiti nyingi ili kupata jibu moja, na sidhani kama upo mwingine unaowanasa wanaoanza kuliko huu.

Chukueni jaribio la kumbukumbu, ambamo washiriki 20 hulala ndani ya mashine ya MRI wakitazama herufi zinazopita moja moja. Katika hatua nyepesi hubonyeza kitufe waionapo herufi waliyotajiwa. Katika hatua ngumu hubonyeza pale herufi inapofanana na ile iliyopita nafasi mbili nyuma, na baadaye nafasi tatu. Mtafiti huchapa jedwali la nafasi mbili dhidi ya hatua nyepesi, yaani vipimo vya ile ngumu ukiondoa vya ile nyepesi, na jingine la nafasi tatu dhidi ya hatua hiyo hiyo. Majedwali ni mawili, lakini vichwa ni vile vile 20. Tena hatua nyepesi imetolewa kote kuwili, kwa hiyo makosa ya vipimo vyake yameingia kote kuwili: hata kama makosa ya hatua zote tatu yangekuwa huru na yenye mtawanyiko sawa, makosa ya tofauti hizo mbili yangekuwa na uhusiano (korelesheni) wa 0.5 kwa sababu tu ya huko kutoa.

Twende ubaoni. Tuseme katika vokseli moja, yaani kipande kidogo kabisa cha picha ya ubongo, kila jedwali lina Z (kipimo cha nguvu ya ushahidi) ya 1.5, ambayo haifiki kizingiti cha kawaida cha 1.96. Ukiziunganisha kwa njia ya Stouffer ukidhani ziko huru, unagawanya 3 kwa kipeuo cha pili cha 2 na kupata 2.12; umevuka kizingiti. Ukikubali kwamba uhusiano wao ni, tuseme, 0.8, kwa kuwa vichwa navyo ni vile vile, unagawanya kwa kipeuo cha pili cha 3.6, nalo jibu linashuka hadi 1.58. Ugunduzi wote ulitokana na kuhesabu watu 20 kana kwamba ni 40.

Wengi wenu hamtapata picha kamili, bali majiranukta ya vilele, yaani mahali ambapo ishara ni kali kuliko jirani zake, yaliyochapwa katika makala, na mtatumia mbinu ya ALE (activation likelihood estimation). Humo kila nukta huzungushiwa wingu la uwezekano, ambalo upana wake hutegemea idadi ya washiriki, kisha mawingu ya majaribio mbalimbali huunganishwa ili ionekane yanakutana wapi. Mkiyaingiza majedwali mawili ya kundi moja kama majaribio mawili, kundi hilo litakutana na lenyewe, na programu haitawaonya. Mwaka 2012 Turkeltaub na wenzake walipendekeza nukta zote za kundi moja ziwekwe pamoja kama jaribio moja, na katika kila vokseli ichukuliwe thamani iliyo kubwa kuliko zote badala ya kulimbikiza nukta jirani, ili makala iliyochapa vilele vingi isizimeze nyingine.

Wapo wanaochagua jedwali moja na kuacha mengine. Sina ugomvi nao, mradi kanuni ya kuchagua iandikwe kabla ya kuyatazama matokeo, maana anayechagua lenye vilele vingi ameponya jipu kwa kuchoma kidonda. Wenye picha kamili wana nafasi zaidi: wanaweza kutumia modeli ya kitakwimu ya ngazi tatu, inayoacha majedwali yote yabaki huku ikitambua kwamba yamo ndani ya kundi moja.

Lililo gumu zaidi ni kundi lililotawanyika katika makala mbili. Jedwali langu la kwanza la kuorodhesha makala lilikuwa na safu ya mwandishi, ya mwaka na ya ulinganisho, bila safu ya kundi, nikalazimika kulirudia lote. Hifadhi za wazi za picha za ubongo kama ABIDE, ya utafiti wa usonji, hutumiwa na waandishi wasiofahamiana, kwa hiyo majina tofauti si dalili ya watu tofauti. Mkikuta hospitali ile ile, kipindi kile kile, idadi inayokaribiana na wastani wa umri unaolingana, mwandikieni mwandishi. Asipojibu, wapeni washiriki hao namba moja ya kundi.