Diski za breki zimeisha au bado zinadai? Pima hivi kabla hujanunua pedi nyingine

Haya wadau, karibuni tena. Leo hatugusi injini, tunacheki diski za breki za mbele, manake kila wiki naulizwa swali lile lile, bro diski zinakaa kilomita ngapi? Kilomita hazikwambii kitu. Gari inayopiga Mbagala Posta kila siku kwenye foleni mguu uko kwenye breki muda wote, huwezi kuifananisha na ya mtu anayetembea Dodoma Singida, yeye hashiki breki mpaka aone tochi. Diski inapimwa, haikisiwi.

Na mimi haya nimeyajua kwa kuumia. Gari yangu ya kwanza nilibadilisha pedi, vile vipande vinavyobana diski, mara tatu juu ya diski zile zile, kila nikiuliza fundi ananiambia "boss hizi bado zinadai," nami natoa hela naondoka, mpaka siku nashuka Kitonga usukani unatetemeka mkononi kama nimeshika cherehani na harufu ya breki imejaa ndani, abiria wote kimya.

Twende kazi. Kwanza paki sehemu iliyo tambarare, vuta handbreki, weka jiwe nyuma ya tairi za nyuma. Legeza nati tairi likiwa bado chini, ukishapiga jeki ndo unaanza kulegeza tairi litazunguka tu na gari itacheza. Ikishanyanyuka weka stendi ya chuma, tofali la simenti hapana bana, lile linapasuka bila kupiga hodi. Toa tairi.

Sasa sogea hapa karibu na kamera. Hii ndo diski. Kabla hujaigusa hakikisha imepoa, umetoka barabarani saivi ukaweka kidole utaacha ngozi. Hii kutu nyepesi ya juu isikutishe, gari ikilala na mvua au ikioshwa asubuhi inaota, ukishika breki mara mbili tatu inafutika. Unachotafuta ni hivi: pitisha ukucha kutoka katikati kwenda nje, taratibu. Unasikia mifereji? Ile midogo ya kawaida, lakini ukucha ukinasa kabisa jua kuna kipindi pedi iliisha chuma kikawa kinasaga chuma. Halafu cheki rangi, mabaka ya bluu maana yake ilipata moto kupita kiasi. Na nyufa, hapa sina mjadala, ufa ukifika ukingoni diski hiyo haitembei hata kwenda dukani.

Endelea na ukucha mpaka nje kabisa. Umeona hapa umekwama? Huu ukingo ndo unene wa zamani wa diski, pedi haifiki pale kwahiyo haukuliwa, hapo ndani ndo pameliwa.

Tunapima. Kila diski imeandikwa kiwango chake cha mwisho, tafuta maneno MIN TH, yanakuwa pembeni au kwenye ile kofia ya katikati. Hapa yamejaa kutu, napiga brashi ya waya, nasugua chaki juu yake, ona herufi zinavyotokea, 20 mm. Ya kwako soma ya kwako, usichukue namba ya gari yangu.

Hapa sasa ndo watu wengi wanapigwa. Chukua venia, kile kipimo cha kubana, ukibana hivi juu ya diski nzima inasoma 21.9, unafurahi, kumbe umepima ukingo ambao haujawahi kuguswa na pedi! Fanya hivi, chukua sarafu mbili zinazofanana, zipime zenyewe kwanza. Hizi zangu pamoja ni 3.8. Weka moja kila upande, ndani ya ukingo pale pedi inapopita, halafu ndo ubane. 23.6. Toa 3.8, unabaki na 19.8. Imeshavuka mstari. Zungusha upime sehemu tano sita, ikitofautiana ndo ile inayokutikisia pedali.

Ya upande wa pili nimepata 20.3, na najua kuna mtu atasema hiyo iache. Hapana, diski zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, na pedi mpya juu yake, la sivyo upande mmoja unashika tofauti na mwingine. Na kuchonga kwenye mashine ya lethi je? Kuchonga ni kupunguza chuma, sasa 20.3 ukiichonga inabaki nini? Inafaa diski ikiwa bado nene, na baada ya kuchonga pima tena.

Kutoa ni rahisi. Fungua kalipa, kile kibanio kinachoshika pedi, ining'inize na waya, usiiache ining'inie kwa hozi yake ya mafuta ya breki. Diski ikigoma usiipige nyundo kama unavunja kokoto, Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi hapa, ingiza bolti za milimita 8 ukaze kidogo huku kidogo huku, inatoka yenyewe. Safisha habu yote, pale diski inapokaa, kutu iishe, uchafu kidogo tu hapo diski mpya itakaa upande na usukani utaanza kucheza tena utasema umeuziwa feki. Diski mpya ina mafuta ya kuzuia kutu, yafute na brekikilina. Pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, irudishe ndani taratibu huku unaangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike, yakimwagika yanakula rangi ya gari.

Rudisha kila kitu, nati zikaze kwa mtindo wa msalaba, moja halafu ya upande wa pili. Halafu sikiliza, KABLA hujatoa gari pampu pedali mpaka iwe ngumu, watu wamegonga ukuta wa gereji hapa hapa kwa kusahau. Ukishatoka tafuta barabara tupu, nenda 60, punguza mpaka 10 bila kusimama, rudia kama mara kumi ukiacha ipumue katikati. Siku za mwanzo usikanyage breki za ghafla kama hakuna dharura, na ukishatembea kilomita kama 100 rudi na wili spana uzikague zile nati.